Mkono unaruka nikifika mbele ya shimo, niuze begi langu la gofu?

Shikamoo Anti. Jina langu naomba usiliweke, huku kwetu mji mdogo na wacheza gofu tunajuana wote, mtu akisoma mistari miwili tu atasema huyu si fulani. Nina miaka 41, nina mke na watoto wawili, ni mhasibu kwenye kampuni binafsi. Najua watu wanakuandikia mambo ya ndoa na michepuko, sasa mi langu ni gofu, utacheka. Ila usicheke sana maana limeshaingia mpaka ndani ya nyumba.

Nianzie mbali kidogo. Nimeanza kubeba begi nikiwa na miaka 11, nyumbani kwetu palikuwa nyuma ya uwanja, tukitoka shule tunakimbia kupanga foleni ya makedi, wale wanaowabebea wachezaji begi la fimbo, ukipata begi umepata hela ya daftari na mandazi. Kucheza kwenyewe tulijifunzia nje ya uzio, tunachimba vishimo tunazamisha makopo ya maziwa, fimbo moja watoto sita, na hamna aliyekuwa anawaza chochote Anti, unapiga unakimbia kuufuata mpira basi. Kuna mzee mmoja mwanachama, Mungu amrehemu, ndo alinilipia ada kidato cha kwanza mpaka cha sita, na siku namaliza chuo akanipa fimbo yake ya kuputi, ile ya kuusukumia mpira shimoni, fupi, ina kutu kidogo shingoni. Miaka mitano iliyopita nikajiunga na klabu ileile, safari hii kama mwanachama. Ile siku ya kwanza ya kuingia kwa mlango wa mbele nilikaa kwenye gari kama dakika kumi ndo nikashuka.

Nilikuwa nacheza vizuri, sijisifu, handikapu, ile namba ya kiwango cha mchezaji ambayo ikishuka ndo umekuwa bora, ilishuka mpaka 5. Sasa mwaka jana mwezi wa kumi na moja kulikuwa na mashindano ya klabu, nikafika shimo la 18, la mwisho, naongoza kwa mkwaju mmoja, mpira uko kwenye grini, yale majani mafupi yanayozunguka shimo, kama mita moja hivi kutoka shimoni. Mita moja Anti! Hiyo naingiza nikiwa nimefumba macho. Watu wamejaa barazani na vinywaji vyao wanaangalia. Nikasimama, na palepale ndo likanijia swali, hivi huu mkono wa kulia huwa naubana kiasi gani? Sijawahi kujiuliza hilo swali toka nizaliwe. Nikavuta fimbo nyuma, wakati wa kuirudisha mbele mkono ukaruka wenyewe kama nimepigwa shoti, mpira ukapita pembeni ya shimo ukaenda mbali kuliko ulikotoka. Nikakosa na wa kurudia. Nyuma yangu nikasikia mtu anasema kubeba begi ni kitu kingine na kupiga ni kitu kingine, wakacheka. Mpaka leo sijui nilisemwa mimi au walikuwa na stori zao.

Toka hapo sijawa mzima. Naangalia video YouTube mpaka saa nane usiku, kila mwalimu na lake, huyu anakwambia angalia mpira yule anakwambia angalia shimo. Nina daftari, nimeandika vitu 31 vya kukumbuka kabla sijagusa mpira. Fimbo ya mzee niliitupa stoo siku ileile, nimeshanunua tatu nyingine. Nimebadilisha na ushikaji, kushoto chini, kulia chini, bado. Alfajiri nikiwa peke yangu naingiza hata 40 mfululizo, wakija watu wawili tu wakasimama pembeni, mkono unaruka, sasa hivi nakosa zote. Handikapu imepanda mpaka 9. Usiku naweka kikombe cha chai kwenye zulia sebuleni nafanya mazoezi, tok, tok, tok, mama watoto anaamka anasimama mlangoni ananiangalia tu.

Kilichoniuma zaidi ni binti yangu. Ana miaka 12, nilianza kumfundisha mwaka juzi, alikuwa anapiga huku anacheka. Juzi amesimama kwenye mpira muda mrefu mpaka nikamwambia haya piga, akanijibu ngoja kwanza baba, nahesabu. Nikahisi nimemwambukiza ugonjwa.

Na sasa bosi wangu kanichagua niwe mwenzie kwenye mashindano ya wawiliwawili mwezi wa nne, kaalika na wateja. Yeye anajua mimi ni yule wa handikapu 5. Rafiki yangu mmoja anasema nimefungwa, kuna mtu ana wivu, twende kwa mtaalamu. Mwingine anasema kuna vidonge vya presha ukimeza nusu saa kabla mkono unatulia. Mke wangu anasema uza hilo begi tumalizie kuezeka. Mimi nafikiria nisingizie mgongo. Anti nimechoka, nimwambie bosi ukweli, nidanganye, au niuze yaishe?

Mimi, Mkono Unaoruka

ANTI ANAJIBU

Marahaba baba. Sijacheka. Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya pili nilimsomea mpwa wangu ambaye anacheza, maana mimi uwanja wa gofu nauonea dirishani mwa basi tu. Amenielimisha. Kumbe shimo lina upana wa milimita 108 na mpira haufiki hata milimita 43, yaani mipira miwili inaingia sambamba na nafasi inabaki. Nikamwambia sasa mbona mnakosa? Akanyamaza, akasema Anti hilo ndo swali lenyewe.

Ngoja nikueleze nilivyokuelewa, nikikosea utanisahihisha. Umecheza miaka 30 bila kuuliza mkono wako unafanya nini. Ukauliza mara moja, mbele ya watu, mahali ambapo hukutaka kabisa kukosea, na toka siku ile hujaacha kuuliza. Vingine vyote, daftari, fimbo tatu, kikombe cha chai, naona ni wewe unatafuta jibu la lile swali moja.

Mimi nasukuma chapati toka nina miaka tisa. Mwezi wa kwanza wa ndoa yangu mama mkwe akavuta kigoda akakaa pembeni, hakusema neno, anaangalia tu. Nikaanza kuviangalia vidole vyangu. We! Zilitoka chapati zina pembe, moja ilifanana na ramani ya Afrika kabisa. Mikono ni ileile, unga uleule. Wahenga walisema mkamia maji hayanywi, na akiyanywa humpalia, na nyie vijana kwenye mpira mnasema timu imekamia mechi, basi ndo hiyohiyo. Kuna mtafiti Mmarekani, Sian Beilock, yeye na wenzake waliwaweka watu waputi. Wale wazoefu walipoambiwa wafuatilie kila hatua ya mkono wao, wakaharibu. Walipopewa kazi nyingine ya kichwa wakati wanaputi, ya kusikiliza sauti, mambo yakaenda vizuri tu. Wageni wa mchezo ikawa kinyume, wao kuufuatilia mkono kuliwasaidia.

Hicho kipande cha mwisho nataka ukisome tena kwa ajili ya binti yako. Amecheza muda mfupi, yuko kwenye kujifunza, na anayejifunza lazima ahesabu. Inawezekana pale ulipoona ugonjwa wako ndani ya mtoto, mtoto alikuwa anafanya kinachomfaa kwa umri wake. Inawezekana pia anakuiga, sikatai, watoto wanatuona saa nane za usiku tukidhani wamelala. Ila umemuuliza anahesabu nini? Pengine anahesabu hatua mpaka shimoni. Usimchukulie jibu lake kama hukumu juu yako kabla hujamsikiliza.

Na hapo ndo naomba nikusumbue kidogo, maana barua yako ina vitu umeviandika kama kweli tupu na mimi nina wasiwasi navyo. Umesema sasa hivi unakosa zote. Baba, we ni mhasibu. Mpwa wangu ananiambia handikapu ya siku hizi inapigwa kwa raundi 8 zilizo bora kati ya 20 za mwisho, na mtu wa 9 hawezi kuwa anakosa zote, hesabu haikubali. Kwa hiyo kuna unazoingiza ila huzihesabu, zinapita kama hewa, zile ulizokosa ndo zinaingia kwenye daftari. Ungemfanyia hivyo mteja wako, ukaandika matumizi ukaacha mapato, ungefukuzwa kazi. Sasa hebu jiandikie raundi tatu tu, za mita moja zimekuja ngapi, zimeingia ngapi. Sikwambii utafurahi, labda namba zitakuwa mbaya kweli. Ila angalau utakuwa unapigana na namba badala ya kivuli.

Hilo la "naingiza nikiwa nimefumba macho" nalo nimelitilia shaka. Wale wa kulipwa kule Marekani, wanaokula kwa fimbo, mpira ukiwa mita mbili na nusu hivi wanaingiza karibu nusu tu. Rory McIlroy, mmoja wa wale wa kulipwa, kwenye mashindano makubwa ya Masters pale Augusta, Marekani, mwaka 2025, shimo la mwisho kabisa, alikuwa na puti ya kama mita moja na nusu ya kutwaa taji alilolisubiri zaidi ya miaka kumi. Akakosa. Wakarudia shimo lilelile kwa mchujo, akashinda. Na huyohuyo, mashindano hayohayo, mwaka 2011 siku ya mwisho aliianza akiongoza kwa mikwaju minne akaimaliza kwa mikwaju 80, dunia nzima inaangalia. Sikupi hizi stori kama dawa, maana najua utasema yeye ni Rory mimi ni mimi. Nataka tu uone kwamba puti fupi si rahisi kama ulivyoambiwa.

Halafu umeshaamua kwamba tatizo ni mawazo. Labda. Mruko huo una jina kwenye gofu, wanauita yipsi, na waliouchunguza wanasema una sura mbili. Kuna unaotokana na hofu, na kuna unaotokana na mishipa yenyewe kuchanganya taarifa, ule unaowapata hata wapiga vinanda na watu wanaoandika sana kwa mkono. Wewe ukiwa peke yako unaingiza 40, hiyo inanielekeza kwenye hofu, ila mimi si daktari. Ukiona mkono unaruka hata alfajiri huna mtu, au unaruka ukishika kalamu ofisini, hapo usibaki na mimi wala na YouTube, nenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Bernhard Langer wa Ujerumani yipsi ilimpata zaidi ya mara moja, alifika mahali anashika fimbo na mkono wake mwenyewe kwa pamoja, watu wanashangaa, na bado akashinda Masters mara mbili, 1985 na 1993. Kubadilisha ushikaji kwa hiyo si ujinga. Ila wewe umebadilisha fimbo tatu na mikono miwili ndani ya miezi michache, hata ningekuwa mimi huo mkono nisingejua nimeolewa na nani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona umelipitia mbiombio. Ile sauti ya barazani.

Umeniandikia dakika kumi za kwenye gari. Umeniandikia mlango wa mbele. Hukulazimika, ungeweza kuanza na shimo la 18 nami ningekuelewa, ila ulianza na foleni ya makedi. Najiuliza kama ile puti ilikuwa ya kombe la mashindano, au ilikuwa ya kujibu swali kama unaruhusiwa kuwa pale. Maana puti ya kombe mtu anakosa anaumia wiki mbili inapita. Puti ya pili hiyo, ukiikosa inakufuata mpaka sebuleni. Na ukiingiza nayo haikupi jibu, kesho kutakuwa na nyingine. Sijui baba, pengine nimekwenda mbali. Lakini kama ninagusa penyewe, basi vitu 31 vya kwenye daftari vyote vinahusu mkono na hakuna hata kimoja kinachohusu baraza.

Nikuongezee kimoja. Yule Mhispania Seve Ballesteros aliyeshinda Kenya Open mwaka 1978 hapo Nairobi, alikuwa kedi. Alijifunza na fimbo moja ya chuma kwenye mchanga wa ufukweni kwao, uwanjani walikuwa wanaingia kwa kujificha. Mwaka uliofuata akashinda The Open ya Uingereza. Kubeba begi na kupiga ni vitu viwili, sawa, ila kuna watu wamefanya vyote.

Tuje kwenye haya mashauri uliyopewa. Vidonge, hapana sitakuficha wasiwasi wangu. Dawa za aina hiyo zinazotuliza mapigo ya moyo zimepigwa marufuku kwenye mashindano ya gofu kwa kanuni za kimataifa za dawa michezoni, maana kwenu zinahesabika ni kujiongezea uwezo. Na mwenye pumu zinaweza kumziba pumzi. Hiyo si ya kupewa na rafiki, kama unaitaka iwe ni mazungumzo na daktari aliyekupima.

Mtaalamu wa kienyeji, sigombani na imani ya mtu. Ninachokiogopa ni kwamba huko huwa hawatoi dawa tu, wanatoa na jina. Ukishatajiwa jina, klabu yenu ndogo hiyo, utaputi vipi huku unamtazama huyo mtu? Utakuwa umeongeza la 32 kwenye daftari.

Mgongo. Naielewa hiyo, na nakiri ndo rahisi kuliko zote. Mwezi wa nne utapita salama. Ila utalazimika kutembea umejishika kiuno ofisini wiki mbili tatu, na bosi akikuona alfajiri pale grini utajibu nini? Tena mkono wako utakuwa umejifunza kwamba kukimbia kunasaidia. Mashindano yajayo utaumwa goti.

Kumwambia bosi nako kuna gharama, nisikudanganye kwamba atakukumbatia. Anaweza kutafuta mwingine na utaumia. Ila kabla hujafika huko muulize kwanza mnachezaje. Mpwa wangu anasema wawiliwawili kuna namna mbili kubwa, kuna ya kila mtu na mpira wake mnachukua ulio bora, na kuna ya kupokezana mpira mmoja. Ya kwanza ukikosa mwenzio anakufunika, huenda ikawa hata nafuu kwako kuliko kucheza peke yako. Ya pili unamwachia bosi matatizo yako mbele ya wateja wake, hiyo ni nzito. Kwa hiyo huenda huna hata haja ya kukiri mambo makubwa, unaweza kumwambia tu bosi, puti fupi zinanisumbua kipindi hiki, ujue. Handikapu yako imeandikwa 9, ataiona mwenyewe kwenye karatasi.

Na kuuza begi. Hapa ningependa kumsikia mama watoto. Wewe umesikia "uza tuezeke". Mimi naona mwanamke amesimama mlangoni usiku anamwangalia mumewe anagonga mpira kwenye kikombe, hasemi kitu. Una uhakika anaongelea bati? Mkae siku moja, bila fimbo mkononi, umwambie haya uliyoniandikia mimi, pamoja na ile ya kwenye gari. Sidhani kama anaijua. Ukiuza kwa sababu nyinyi wawili mmeona nyumba kwanza, ni uamuzi wa heshima na gofu haikimbii. Ukiuza ili yule wa barazani asikuone tena, mh, nafikiri atakufuata.

Kama utaendelea, na sisemi uendelee, jaribu kukipa kichwa chako kazi nyingine pale kwenye mpira. Hesabu pumzi, imba kimoyomoyo wimbo wa shule ya msingi, chochote kisichohusu mkono. Kanuni zenu zinashauri mtu apige ndani ya sekunde 40, jipime uone wewe unatumia ngapi. Daftari usilichome, liweke mbali mwezi mmoja. Na ile alfajiri yako ya puti 40 mwite mtu mmoja unayemwamini asimame, kisha wawili, polepole. Inaweza isifanye kazi wiki ya kwanza, na ikizidi kuwa mbaya uache bila kujilaumu. Kuna na wanasaikolojia wanaofanya kazi na wanamichezo, ukimpata aliye karibu si aibu.

Kuna kitu kimoja kimenibakia. Fimbo tatu mpya umezitaja, ya mzee umesema iko stoo toka siku ile. Hata kama begi litauzwa, hiyo usiiweke kwenye bei. Itoe, ifute kutu, mpe binti aishike, umwangalie atasimama nayo muda gani kabla hajapiga. Kisha uniandikie, na uniambie alikuwa anahesabu nini.